Pawasoo ya marehemu mjomba imewaka tena: uzoefu wangu na fundi wa Kariobangi Light

Kwanza niseme hakuna mtu amenilipa niandike hii. Pesa ilitoka mfukoni mwangu, tena ilitoka mara mbili, ndio maana naandika, usije ukatoa mara mbili kama mimi.

Mashine yenyewe ni pawasoo, yaani msumeno wa cheni, Stihl 070, ile orijino ya zamani, si hizi kopi zimejaa mjini siku hizi. Ilikuwa ya mjomba, alikuwa anapasua mbao huko Elburgon kabla hajazeeka, alipofariki ikabaki kwa stoo ya mama Limuru chini ya magunia miaka kama kumi na kitu hivi. Kama hujawahi kuibeba, injini peke yake bila baa (ule upanga wa kubeba cheni) inapita kilo 10, ni cc 106, na hiyo yetu haina breki ya cheni kabisa, ikikurukia ni wewe na Mungu wako. Lakini nguvu! Haipigi kelele nyembamba kama hizi ndogo za kukata fensi, inanguruma pole pole na inazidi tu kuingia kwa gogo. Babu yake ni ile Contra ambayo Stihl walitoa mwaka wa 1959, ndio maana ukiiona inafanana na kitu cha vita.

Sasa mvua za 2024 ziliangusha blugamu mbili na saipresi moja kubwa hapo kwa mama, jamaa wa kukata akataja bei nikashtuka, nikakumbuka si kuna ile ya mjomba. Nikaitoa, nikaipangusa, nikavuta kamba mara arobaini hivi mpaka bega likaniuma, kimya. Nikaibeba Nairobi.

Fundi wa kwanza sitamtaja wala mahali alipo, yuko tu tauni, amepanga mashine nyingi mbele ya duka ukiona unaamini. Kijana mchangamfu, "mkubwa hii ni kabureta tu, kesho unachukua." Akafunga kabureta mpya ya kopi 3,800, plagi 350, kazi 1,500. Jumla 5,650. Kweli kesho yake ikawaka, nikafurahi kama mtoto, nikampiga picha nikatuma kwa grupu ya familia. Jumamosi niko Limuru. Nikaona kitu sikukielewa, ukiachilia mkono wa mafuta mashine haishuki, inabaki juu sekunde kadhaa ndio irudi, na cheni inatembea yenyewe hata kama hujagusa kitu. Mimi nani nijue, nikasema labda ndio tabia ya hizi za zamani. Nikaendelea kukata. Dakika kama kumi na tano hivi ikapanda sauti ghafla, ikalia juu juu kama mbuzi amebanwa na mlango, halafu ikakwama. Kamba haivutiki. Mama alikuwa amesimama kwa veranda akasema tu, "Si ungewacha vitu vya watu."

Nikarudi kwa yule kijana, akaniambia nimechanganya mafuta vibaya, hana makosa. Labda. Lakini hata hakuifungua aone.

Sasa huyu wa pili. Nilielekezwa na jamaa anauza majenereta pale Kirinyaga Road, akaniambia usisumbuke na watu wa huku, panda uende Kariobangi Light Industries, uliza mzee wa pawasoo. Nikauliza, nikapotea, nikauliza tena, iko ndani ndani nyuma ya watu wa kuchomelea mageti, kibanda cha mabati kidogo na mashine zimening'inia kama nyama buchari. Husqvarna 61, 268, 272 za rangi imefifia, McCulloch moja ya manjano ambayo alisema haiuzwi, na 070 nyingine tatu zisizo na vichwa.

Mzee hakusema habari za kabureta. Aliuliza, "Ilikuwa ikishuka vizuri ukiachilia?" Nikamwambia hapana, ilikuwa inabaki juu. "Na cheni ilikuwa inatembea yenyewe?" Nikasema ndio. Akatingisha kichwa, "Ilikuwa inakunywa hewa, kijana. Mtu amekuuzia kabureta na shida ni tundu."

Hapa ndio nataka kueleza vizuri kwa sababu ndio nimejifunza zaidi. Hizi injini za tustroki, petroli na oili zinapita kwanza chini kwa kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, kabla ya kupanda juu kwa silinda. Pembeni ya kranki kuna sili mbili za mpira, moja upande wa flaiwili (lile gurudumu zito la injini) na moja upande wa klachi (inayozungusha cheni). Mashine ikikaa miaka bila kufanya kazi hizo sili zinakauka, zinakuwa ngumu kama ukucha. Hewa inaingia hapo bila kupitia kabureta, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na petroli kidogo, na kumbuka oili inakuja pamoja na petroli, petroli ikipungua na oili imepungua. Injini inapata joto, inaenda mbio sana, pistoni inavimba, inakwaruza silinda, basi. Unaweza kubadilisha kabureta hata tano. Tena kabureta mpya ilinifanyia ubaya, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imeziba kabisa mashine haiwaki, hii mpya ikaiwasha ndio ikapata nafasi ya kujiua.

Namna alivyopima ndio ilinifanya nikae kwa ndoo nimuangalie saa mbili nzima. Ana ile mashine ya kupima presha ya hospitali, ile ya kufunga mkononi, lakini ametoa kile kitambaa amebaki na mpira wa kufinya na saa yake. Akaziba njia ya moshi kwa kipande cha mpira wa tyubu na bati, akaziba njia ya kabureta na bati lingine lenye paipu ndogo katikati, akafinya mpaka saa ikasoma karibu 300. Ikashuka, lakini pole pole. Akapaka sabuni kwa brashi upande wa klachi, ikatoa povu kidogo. Nikadhani ndio hivyo amepata. Akasema bado. Akachukua pampu ya kutoa hewa kwa breki ya gari, ile ya kuvuta, akavuta hewa kutoka ndani badala ya kuingiza. Sindano ya saa ikaanguka hapo hapo. Akanieleza, sili ikiwa imechoka ukiisukuma kutoka ndani mdomo wake unaweza kujibana kwa shafti ukaficha makosa, lakini ukivuta unaachilia, na injini ikifanya kazi inasukuma na inavuta, kwa hiyo lazima upime zote mbili. Mtu akikwambia amepima presha tu, muulize na ya kuvuta je.

Alipofungua silinda tukakuta pistoni imekwaruzwa upande wa moshi, na aluminiamu imejipaka kwa ukuta wa silinda. Mimi nikajua hapo ni silinda mpya. Kumbe silinda ya hizi imepakwa kromu ndani, ngumu sana, mara nyingi ile unaona si mkwaruzo, ni aluminiamu ya pistoni imeganda juu yake. Akachukua asidi ya kusafisha choo, pamba kwa kijiti, akapaka hapo tu kwenye alama, nje ya kibanda kwa sababu ya moshi wake. Ikachemka, akapangusa, akarudia kama mara sita. Alikuwa makini sana isiguse kingo za yale matundu ya pembeni maana huko aluminiamu iko wazi, asidi inaila. Baadaye akaosha na maji mengi na sabuni, akapitisha kidole, akaniambia nipitishe na mimi. Laini. Pistoni akaisugua na msasa mdogo, akaweka ringi mpya za milimita 58. (Hapo Kirinyaga Road kuna mtu alitaka kuniuzia silinda na pistoni ya milimita 66 ati "ni ya 070 ile kubwa". Hiyo ni ya 090, cc 137. Chini zinafanana ndio maana watu hufunga, lakini uliza kabla hujalipa.)

Kabureta ya kopi akanirudishia kwa mfuko. Ile Tillotson ya zamani nilikuwa nimeibeba kwa bahati tu, yule kijana alitaka kubaki nayo, sasa najua kwa nini. Akaichemsha na kuisafisha akaweka diafragma mpya (kile kipande chembamba cha mpira ndani) na sindano, seti ya vipuri ya 700. Ile diafragma ya zamani ilikuwa inalia kwa vidole kama karatasi ya krisps, inatakiwa iwe laini kama ngozi ya maziwa.

Moto nao. Hii yangu ni ya kontakti, vile vipande vya chuma vya kufungua na kufunga umeme wa plagi, si ya elektroniki kama zilizokuja baadaye, na ziko chini ya flaiwili. Akaniuliza nani alipiga flaiwili na nyundo, akanionyesha pezi moja limevunjika. Sikujibu. Yeye aliitoa na pula, kifaa cha kuvutia. Akaweka kontakti na kondensa mpya, akapima nafasi na fila (kile kibati chembamba cha kupimia), 0.4 milimita. Plagi 0.5.

Gharama ilikuwa hivi: sili mbili 900, seti ya vipuri vya kabureta 700, ringi 1,200, kontakti na kondensa 1,400, paipu ya mafuta 250, kazi yake 5,000. Yaani 9,450. Kuna mtu atasema si ungeongeza ununue kopi mpya. Unaweza. Mzee mwenyewe anazirekebisha, anasema si mbaya zote, lakini anazifungua zikiwa mpya kabla mteja hajaziwasha ndio akaze boliti zote. Fikiria hiyo.

Sasa malalamiko, maana yapo. Alisema wiki moja, ikawa tatu. Simu anashika akitaka. Risiti hakuna, garantii ni mdomo wake. Anaongea sana, ukienda kuchukua mashine saa nne utatoka saa saba na utakuwa umesikia habari ya kila msumeno uliopita hapo tangu aanze kazi. Na nilitaka aipake rangi iwe kama mpya, ile ya machungwa na nyeupe, akakataa kabisa, "Rangi ya kazi gani? Unataka kukata miti ama unataka kuoa?" Nilikasirika kidogo. Baadaye nikaona kwa kifuniko cha stata bado kuna herufi mbili mjomba alikwaruza na msumari, zingeenda na msasa.

Nikirudi kwa mafuta, akaniandikia kwa kipande cha katoni nikibandike kwa jerikani: lita 5 ya petroli, mililita 200 ya oili ya tustroki, yaani 25 kwa 1. Mimi nilikuwa nimeweka 100 ile Jumamosi, 50 kwa 1, kama kwa mashine za siku hizi, na oili yenyewe sikuangalia ni ya aina gani. Kwa hiyo yule kijana labda hakukosea asilimia mia. Oili chafu ya gari kwa cheni pia alinikataza, ina unga wa chuma, inakula pampu na baa.

Cheni alinoa mwenyewe na tupa ya milimita 5.5, maana hii ni ile nene ya saizi ya .404, na kwa sababu nilimwambia nataka kupasua mbao si kukata tu magogo akabadilisha pembe ya meno kutoka 30 hadi kama 10. Tofauti utaiona kwa unga, unatoka laini na mbao inabaki nyoofu. Ila ujue pawasoo inapoteza mbao, njia ya hiyo cheni ni karibu milimita 9, bendi soo ni 2 au 3. Kwa mbao za kuuza ningepeleka kwa bendi soo. Kwa mabenchi ya mama na fremu ya banda la ng'ombe inatosha.

Nimeitumia wikendi nne sasa. Inawaka mvuto wa tatu ikiwa baridi, ikiwa moto mvuto mmoja. Ukiachilia inashuka hapo hapo, cheni inasimama. Saipresi yote imeisha, blugamu moja imebaki nusu.

Nampa nyota nne, ya tano nimeizuia kwa sababu ya zile wiki tatu.

Ukienda, enda asubuhi siku ya katikati ya wiki, Jumamosi amejaa watu wa kutoka Kiambu. Beba vipuri vyote vya zamani hata vile umeambiwa vimekufa. Na mwaga petroli yote kwa tangi kabla hujatoka nyumbani, mimi makanga alinishukisha Allsops na kilo kumi na kitu begani.