Kabla ya Kununua Mashine ya Kutafutia Sarafu za Kale, Uliza Habari ya Udongo

Siku ya kwanza nilipoipeleka mashine yangu ya kutambua metali kwenye shamba la mjomba wangu huko Kikuyu, ililia kuanzia langoni hadi migombani. Nilichimba mashimo kumi na mawili kabla ya adhuhuri, na katika yote nilipata kizibo kimoja cha soda na udongo mwekundu mtupu. Nilikuwa nimeilipia shilingi 28,000 katika duka moja la katikati ya jiji. Haikuwa mbovu, ila haikuumbiwa udongo wetu.

Udongo mwekundu wa Nairobi na Kiambu umetokana na miamba ya volkano na una madini mengi ya chuma. Chukua sumaku ya spika kuukuu, uiburute juu ya udongo mkavu, nawe utaiona imeota ndevu nyeusi za chembechembe. Koili ya mashine, yaani ile sahani yenye nyaya iliyo mwishoni mwa fimbo, hupeleka nguvu za sumaku ardhini, na chembe hizo huziitikia hata pasipokuwa na sarafu yoyote. Ndiyo maana swali la kwanza si la uzito, wala betri, wala ukubwa wa skrini, bali ni kama mashine inamruhusu mtumiaji kuisawazisha na udongo wa pale aliposimama. Mashine yenye uwezo huo unaipeleka mahali pasipo na kipande cha metali kilichofukiwa, unabonyeza kitufe na kukishikilia, huku ukiinua na kushusha koili karibu na ardhi mara kadhaa mpaka sauti itulie. Yangu ilisawazishwa kiwandani, basi.

Kwa sababu hiyo naiweka Nokta Simplex+ ya Uturuki katika nafasi ya kwanza, wala sifichi kwamba naipenda. Kitufe hicho inacho, maji hayaiharibu hadi kina cha mita 3, kwa hiyo mvua ya masika haikurudishi nyumbani, na sauti zake hujifunzika upesi. Baada ya wiki tatu niliweza kutofautisha mlio wa msumari, unaokatikakatika, na mlio wa shaba, ulio laini na unaorudi vilevile koili ikipita kutoka upande wowote. Katika shamba lile lile, chini ya mparachichi, kwenye kina cha kiganja, nilitoa senti kumi ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu lililozungukwa na pembe za ndovu.

Minelab Vanquish 440 inafuata. Hutumia masafa (frikwensi) kadhaa ya mawimbi kwa wakati mmoja na kujisawazisha yenyewe, jambo linalomfaa anayeanza, lakini mtumiaji hawezi kuirekebisha udongo unapobadilika ghafla. Garrett ACE 300 ni nyepesi na rahisi kueleweka, ila imesawazishwa kiwandani, kwa hiyo naiweka ya tatu kwa sisi wa udongo mwekundu. Zile za bei ya chini zisizo na jina ziacheni.

Kinachoniuma zaidi ni wauzaji. Wanaitupa sarafu mpya ya shilingi 20 juu ya vigae, mashine inalia, nawe unatoa pesa. Sarafu zilizotolewa mwaka 2018 hazina fedha halisi ndani yake, hivyo mlio wake haukufundishi lolote kuhusu shilingi ya mwaka 1921, ambayo robo yake ni fedha halisi. Mmoja aliniapia kwamba mashine yake huona mita tano chini, ilhali sarafu moja ni vigumu kuipata hata kwenye sentimita 30. Tena hakuna hata mmoja aliyenitajia sheria ya Makavazi ya mwaka 2006, inayohesabu kitu cha kabla ya mwaka 1895 kuwa cha kale na kudai leseni kwa anayekitafuta ardhini. Kwa hiyo rupia ya Mombasa ya 1888 si ya kutia mfukoni.

Nendeni dukani na kikopo cha udongo wa shamba lenu na senti moja ya zamani. Muuzaji wa kwanza alinifukuza akisema namchafulia zulia, wa pili akadai mashine haifunguliwi kabla ya malipo, na wa tatu akasogeza meza, akakiweka kikopo sakafuni mwenyewe. Kwa huyo ndiko niliponunua Simplex+ yangu.