Rodi zangu zilikuwa zikinywa maji: duka la vifaa vya kuchomelea, Shimanzi

Naanza na kilichonipeleka. Mwezi wa tano, masika yamekolea, tulikuwa na kazi ya fremu za trela za kubebea makontena hapa karakana yetu Changamwe, Mombasa. Rodi za kuchomelea ni aina ya 7018, unene wake geji kumi. Mashine ya kuchomelea ni transfoma ileile aliyoniachia marehemu baba. Mkaguzi wa mteja akapaka rangi yake nyekundu ya kutafutia kasoro, akapangusa, akapuliza ile nyeupe juu. Viungo 6 vikatokeza vidoadoa, yaani matundu, kama uso wenye ndui. Tukavisaga vyote kwa grinda, tukarudia, na hasara ikawa yangu.

Nikashuka Shimanzi, kwa duka nililoelekezwa na mafundi wa meli. Nilishaamua kosa ni la mashine, na pesa ya mashine mpya ninayo. Mzee wa kaunta hakunionyesha hata moja. Aliniuliza, “Rodi mwazilaza wapi, mwanangu?”

Nikamwambia, kabatini, ami, pakiti ikishafunguliwa twaikunja mdomo.

Akacheka, wala si kwa dharau. “Basi mwachoma na maji ya bahari hayo.”

Ganda la 7018 hufyonza unyevu wa hewa. Ukichoma, unyevu huo hutoa haidrojeni, ndiyo yale matundu, na mbaya zaidi ndiyo nyufa zinazojitokeza kesho yake chuma kikishapoa. Baba alikuwa akizianika rodi juu ya bati na akiamini zimekauka. Kumbe zataka joto la nyuzi kama 350 za Selsiasi kwa saa 1 au 2, kisha zikae kwenye joto la 120 hivi mpaka ziingie kwenye holda, kile kishikio cha rodi. Jua la Changamwe lina sifa zake, lakini huko halifiki.

Duka lina oveni kubwa nyuma, na huwaokea wateja rodi zao kwa malipo madogo, trei kwa trei, kama mikate ya mofa. Mteja aliyekuwa mbele yangu alileta rodi za aina nyingine, 6010, naye aokewe, ami akamrudishia mkononi: zile ganda lake lataka unyevu kidogo, ukizikausha umeziua. Angeweza kupokea pesa akanyamaza. Hapo ndipo niliposadiki kwamba nimefika kwa watu wanaojua wanachouza.

Nilitoka na kopo la umeme la kuwekea rodi zikae na joto, pakiti mbili za ESAB zilizofungwa bila hewa (ghali, na ukishazifungua usizichezee), na mashine pia nilinunua, maana transfoma yetu hutoa AC, umeme wa kugeukageuka, na 7018 hutulia zaidi kwa DC, umeme wa upande mmoja, holda ikiwa chanya. Ni inveta, mashine ya kielektroniki inayotoa DC, ya ampea 400. Imeandikwa 60% kwa nyuzi 40, yaani kwa ampea hizo wachoma dakika 6 katika kila 10, ukiwa kwenye joto kama la karakana yangu ya mabati. Ukiona mashine imeandikwa ampea nyingi bila asilimia wala nyuzi, uliza kabla hujatoa pesa. Waliniacha niijaribu uani kwao kwa bamba langu mwenyewe, nusu saa nzima. Kijana wao mmoja akaniuliza, “Dada, fundi mwenyewe yuko wapi?” Nikavaa kofia nikamjibu kwa mshono.

Sasa lawama. Ncha za shaba za bunduki ya MIG, ile mashine ya kuchomelea kwa waya, za waya wa milimita 1.2, niliambiwa zaja wiki ijayo. Hii ni wiki ya tatu, na kila nikipiga simu napewa mtu mpya nianze kueleza upya. Usafiri wa kutoka Shimanzi hadi Changamwe walinitoza kama mashine imevuka Likoni ikaenda na kurudi. Jumamosi saa saba mlango umefungwa, wakati sisi ndiyo kwanza twapata kazi za dharura. Bei zao ziko juu, na kupunguza hawataki hata uwabembeleze. Risiti ya eTIMS, ile ya kodi ya KRA, lakini hutoa bila kuombwa, na mteja wangu wa trela aliitaka.

Fremu zimepita ukaguzi mara ya pili. Jumatatu nashuka tena Shimanzi kuzidai ncha zangu, na nachukua zile rodi za kabatini ami azitie ovenini, nione kama zitaokoka.