Mekanika ya Mwaka wa Kwanza kwa Njia ya Kalkulasi: Tathmini ya Kozi

Mekanika ya mwaka wa kwanza, yaani tawi la fizikia linalohusu mwendo na kani, hufundishwa vyuoni kwa njia mbili. Ya kwanza hutumia aljebra na trigonometria pekee, na mara nyingi huwalenga wanafunzi wa baiolojia na tiba. Ya pili hutumia kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko, na kwa kawaida ndiyo inayotakiwa kwa wanaosomea fizikia na uhandisi. Ninayoitathmini hapa ni hii ya pili, niliyoisoma muhula mzima katika chuo ambacho sitakitaja. Maudhui yake ni bora kuliko sifa ya ugumu inayoitangulia, ila mpangilio wake unamwonea mwanafunzi anayeingia bila kuizoea kalkulasi, na mada ya mzunguko inafundishwa mbiombio kana kwamba ni nyongeza.

Kozi inaanza na mwendo wa kitu katika mstari ulionyooka, na wengi wetu tulidhani tungepumzika kwa sababu milinganyo kama v = u + at tulikuwa tumeikariri tangu sekondari. Mhadhiri alituamsha kwa swali moja fupi. Kigari kinaanza kutoka hali ya kutulia, na mchapuko wake, yaani kiasi ambacho kasi inabadilika kila sekunde, ni 6t, kwa mita na sekunde, t ikiwa ni muda. Je, baada ya sekunde 2 kina kasi gani? Aliyezoea kuchomeka namba katika fomyula alipata mchapuko wa 12, akauzidisha kwa 2, akaandika mita 24 kwa sekunde. Jibu sahihi ni nusu yake, yaani mita 12 kwa sekunde, kwa kuwa mchapuko haukuwa 12 muda wote bali ulikuwa ukikua kutoka sifuri, na integrali ya 6t ni 3t². Kuanzia hapo ilieleweka kwamba fomyula zile za sekondari ni hali maalumu ya mchapuko usiobadilika, na kwamba mtu anayejua difarensheni (kutafuta kiwango cha mabadiliko) na integresheni (kuyajumlisha mabadiliko hayo, na matokeo yake ndiyo integrali) hahitaji kuzikariri, maana anaweza kuzitengeneza upya akiwa ndani ya chumba cha mtihani.

Hapo hapo ndipo dosari ya kwanza inapojitokeza. Chuo kinamruhusu mwanafunzi asome kozi ya kalkulasi sambamba na mekanika katika muhula uleule, na kwenye karatasi mpango huo unaonekana wa busara. Kwa vitendo, kozi ya kalkulasi hutumia majuma mengi ya mwanzo katika vikomo na difarensheni, ilhali mekanika inadai integresheni karibu tangu mwanzo. Wenzangu waliokuwa wakisoma zote mbili kwa pamoja walijikuta wakijifunza integresheni kwa haraka kutoka kwa wasaidizi wa mhadhiri katika vipindi vya majadiliano, na ile fizikia iliyokusudiwa kujadiliwa ikakosa muda. Ningependa sharti la kujiunga liandikwe waziwazi kwamba kalkulasi ya muhula mmoja iwe imekwisha kupitwa.

Sheria za Newton zilifundishwa kwa nidhamu niliyoipenda. Hakuna mlinganyo uliokubaliwa kabla ya mchoro wa kitu kimoja kilichotengwa na vingine, pamoja na kani zote zinazokigusa au kukivuta, na kila kani ilipaswa kutajwa pamoja na kitu kinachoitoa. Sharti hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo lililosafisha dhana potofu nyingi kuliko mhadhara wowote. Mpira uliorushwa juu, ukishaachana na mkono, watu wengi huuchorea kani ya kuelekea juu kwa hoja kwamba bado unapanda. Wakiulizwa ni kitu gani kinachoutoa msukumo huo, hawana la kujibu, na mshale ule unafutwa. Unabaki uzito peke yake, na ukinzani wa hewa ikiwa haukupuuzwa. Msahihishaji alikata alama kwa mchoro usio kamili hata pale ambapo jibu la mwisho lilikuwa sahihi, jambo lililozua manung'uniko mengi ambayo sikuyaunga mkono.

Sehemu iliyonifanya nione kwamba ada ya kozi haikupotea ni ile ya ukinzani wa hewa. Sekondari, swali la kitu kinachoanguka huambatana na agizo la kupuuza hewa. Hapa hewa inarudishwa. Tone dogo sana la ukungu linaposhuka, uzito wake mg unalivuta chini, na ukinzani unaokua sawia na kasi, bv, unalizuia (m ni masi ya tone, g ni mchapuko wa uvutano, na b ni kiwango cha ukinzani), kwa hiyo m dv/dt = mg − bv. Kabla ya kuturuhusu tuutatue mlinganyo huo, mhadhiri alituuliza kasi itaishia wapi, na tulipoutazama vizuri jibu lilikuwa mbele ya macho yetu: upande wa kulia ukiwa sifuri, kasi haibadiliki tena, na kasi hiyo ni mg/b. Ndipo tulipotenga v upande mmoja na t upande mwingine, tukafanya integresheni na kupata v = (mg/b)(1 − e^(−bt/m)). Tulitakiwa pia kulikagua jibu: muda ukiwa mfupi sana, linarudi kuwa v = gt, kama ambavyo ingekuwa bila hewa; muda m/b ukipita, tone limefikia takriban asilimia 63 ya kasi yake ya mwisho; ukipita mara tatu ya muda huo, asilimia 95. Tabia hii ya kulihoji jibu katika ncha zake kabla ya kuliamini ilidaiwa katika kila seti ya maswali, nami naihesabu kuwa faida kubwa kuliko mlinganyo wenyewe.

Mada ya kazi na nishati nayo ilibebwa vizuri na kalkulasi. Fomyula ya mgh inafaa tu pale ambapo kimo ni kidogo mno kulinganishwa na nusu kipenyo cha Dunia, kwa sababu kani ya uvutano hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Ukitaka kujua kazi inayohitajika kukiondoa kitu kutoka uso wa Dunia hadi mbali kusiko na kikomo, unafanya integresheni ya GMm/r² na kupata GMm/R (G ni namba ya uvutano isiyobadilika, M ni masi ya Dunia, m ni masi ya kitu, r ni umbali kutoka kitovu cha Dunia na R ni nusu kipenyo chake); ukiilinganisha na nishati ya mwendo, masi ya kitu inajifuta yenyewe na inabaki kasi ya takriban kilomita 11.2 kwa sekunde, iwe ni kokoto au chombo cha angani, ukiiweka hewa kando. Momenta (masi mara kasi) na migongano ilipita bila tatizo, pamoja na mlinganyo wa roketi, uliofundishwa kwa nusu saa na kuachwa.

Kisha ukaja mzunguko, na hapa sina budi kuwa mkali. Torki (uwezo wa kani kuzungusha kitu), momenti ya inesha (ukaidi wa kitu dhidi ya kuzungushwa), kubingirika na momenta ya mzunguko ni mada pana ambazo vitabu vya kiada huzipa sura kadhaa, lakini zilisukumwa katika majuma machache ya mwisho, wakati ambapo kila mtu alikuwa akijiandaa kwa mitihani ya masomo mengine. Onyesho lililofanyika darasani lilikuwa zuri sana: pete, silinda iliyojaa na tufe lililojaa viliachiwa kwa pamoja juu ya ubao ulioinama, tufe likafika la kwanza, silinda ikafuata, pete ikawa ya mwisho, bila kujali masi wala ukubwa. Sababu ni kwamba mchapuko wa kitu kinachobingirika bila kuteleza ni g sin θ (θ ikiwa ni pembe ya mwinamo wa ubao) iliyozidishwa kwa 5/7 kwa tufe, kwa 2/3 kwa silinda na kwa 1/2 kwa pete. Sehemu hizo zinatokana moja kwa moja na integrali za momenti ya inesha, ila integrali zenyewe hazikufanywa darasani. Tulipewa jedwali tu na kuambiwa tulitumie. Kozi iliyotumia muhula mzima kutukataza kukariri ikatugeuzia kibao mwishoni.

Kilichonisikitisha zaidi kinahusu maabara. Mapema katika muhula tulitumia mashine ya Atwood, iliyoelezwa na Mwingereza George Atwood mwaka 1784: masi mbili zinazoning'inia kwa uzi mmoja juu ya kapi. Kwa gramu 200 upande mmoja na 210 upande wa pili, nadharia ya wakati huo ilitupa mchapuko wa takriban mita 0.239 kwa sekunde ya mraba, lakini vitambuzi vya mwanga vilitoa namba za chini kidogo, kundi baada ya kundi. Tuliandika katika ripoti kwamba ni msuguano, tukapewa alama, tukaendelea. Ukweli ni kwamba kapi lenyewe nalo linapaswa kuchapuka: likiwa ni diski ya gramu 20, ni sawa na kuongeza gramu 10 katika masi inayosogezwa, na mchapuko unashuka hadi karibu 0.233 kabla ya msuguano wowote. Tulipofika kwenye momenti ya inesha tulikuwa na takwimu zetu tayari, na saa moja tu ingetosha kuzirudia, lakini hakuna aliyezigusa.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa haki. Maswali yalikuwa machache na marefu, karatasi ya fomyula ilikuwa na mistari michache tu, na sehemu kubwa ya alama ilitolewa kwa mchoro, uchaguzi wa mhimili na mlinganyo wa kuanzia, huku namba ya mwisho ikiwa na uzito mdogo. Mfumo wa mtandaoni wa kazi za kila juma ni kinyume chake kabisa, kwani unasoma namba peke yake, hivyo kosa la alama ya kutoa linalingana na kutojua chochote. Nawashauri wanafunzi wazifanye kazi hizo kwa herufi hadi mstari wa mwisho ndipo wachomeke namba, kwa kuwa kosa huonekana kwa urahisi zaidi katika herufi.

Anayelazimika kuchagua kati ya kozi hii na ile ya aljebra, na ambaye fani yake inaruhusu yoyote kati ya hizo, aichague hii endapo anaweza kufanya integresheni ya funksheni rahisi bila kufungua kitabu. Asiyeweza angoje muhula mmoja. Mada ya mzunguko aianze mwenyewe mapema, hata kabla ya katikati ya muhula, na asinunue toleo jipya la kitabu cha kiada, kwa kuwa fizikia ya toleo la zamani ni ileile na kinachobadilika zaidi ni mpangilio wa maswali, ambao anaweza kuunakili kwa mwenzake.