Glock 20 ya milimita 10: misimu mitatu kwenye mto wenye dubu

Mimi ni mvuvi. Nimekulia Mwanza, ambako anayemtia mvuvi hofu ni kiboko na mamba. Huku Alaska ninakoishi sasa, ni dubu. Kila Juni, samaki aina ya sockeye wanapoanza kupanda Russian River, kama saa mbili kwa gari kutoka Anchorage, watu hujaa kingoni, hupasua samaki palepale, na dubu wa kahawia hufuata harufu. Mwaka wangu wa kwanza mmoja alichomoza vichakani hatua chache tu kutoka nilipo, akabeba samaki wangu wote, akaondoka zake. Nilikuwa na kopo la dawa ya pilipili kiunoni. Mpaka leo ninalo, na ndilo nitakalolishika kwanza. Lakini usiku ule niliamua kutafuta na bastola.

Wazee wengi wa huku hubeba rivolva ya .44 Magnum. Ina nguvu, ila ni nzito, kwa kawaida inachukua risasi sita tu, na kishindo chake kilinifanya nifumbe macho kabla sijafyatua. Nikageukia 10mm Auto, risasi iliyotoka mwaka 1983. Ganda lake lina urefu wa milimita 25, la 9mm ya kawaida ni 19, hivyo baruti inaingia nyingi zaidi.

Nikakosea: nilinunua kwa macho. Bastola ya kwanza, ambayo kampuni yake siitaji, ilikuwa ya chuma, inang'aa, inapendeza. Uwanjani ilimeza risasi za mazoezi, zile za pua ya mviringo, bila shida yoyote. Nilipoweka zile nilizonunua kwa ajili ya dubu, zenye pua bapa, ya tatu ikagota chini ya mlango wa mtutu, slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila unapofyatua, ikabaki nusu wazi. Nikaitoa. Ya tano ikafanya vilevile. Nilitazama ile shaba iliyochubuka, nikamkumbuka yule dubu, mikono ikaanza kutetemeka. Niliiuza kwa hasara.

Ndipo nikachukua Glock 20. Magazini yake inabeba risasi 15, na ikiwa tupu bastola haifiki kilo moja. Kilichonivuta ni kwamba wanajeshi wa Denmark wa doria ya Sirius, wanaozunguka Greenland kwa sleji za mbwa, hubeba hiyohiyo dhidi ya dubu weupe. Nimeshapiga risasi kama 900. Imekwama mara mbili tu, wiki ya kwanza, na zote makosa yalikuwa yangu: nililegeza kifundo cha mkono, na slaidi inahitaji mkono uliokaza ili irudi nyuma mpaka mwisho.

Msidanganywe na namba 10 kwenye boksi la risasi. Nyingi zimepunguzwa nguvu, hazitofautiani sana na .40 S&W, risasi ya bastola yenye ganda fupi zaidi. Mimi natumia za gramu 13 zilizovikwa shaba, kwa sababu watengenezaji wa Glock hawashauri zile za madini ya risasi yasiyovikwa kitu katika mtutu wao. Ni ghali, lakini nilipiga 100 za aina hiyohiyo, kwa kila magazini niliyonayo, ndipo nikathubutu kwenda nayo mtoni.

Haina kitufe cha nje cha usalama, kwa hiyo ala iwe ngumu na ifunike kifyatulio chote. Yangu naifunga kifuani, juu ya suruali ya kuingilia majini. Risasi ndefu inataka mshiko mnene. Kidole cha mke wangu hakikufika vizuri kwenye kifyatulio, naye amebaki na dawa ya pilipili. Viwanja vingi vya shabaha hukodisha bastola, jaribuni kwanza.

Mjue pia kuwa ukimuua dubu kwa kujitetea, sheria ya Alaska inakutaka utoe taarifa, umchune mwenyewe, na ukabidhi ngozi na fuvu kwa serikali. Hupati kitu.

Misimu mitatu sasa, sijawahi kuichomoa mtoni. Nikifika nyumbani naifuta maji, naipaka mafuta, na inaingia kwenye sanduku la chuma lenye kufuli kabla watoto hawajamaliza kushusha samaki.