Kuchora njia ya mwendokasi kwa Leaflet: uzoefu wangu

Kwa miezi mitatu sasa ninatumia Leaflet, maktaba huria ya JavaScript ya kuonyesha ramani kwenye kurasa za wavuti, iliyoanzishwa na Volodymyr Agafonkin na kutolewa mwaka 2011, kuchora njia ya mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni juu ya ramani ya OpenStreetMap. Ni nyepesi, haidai malipo wala usajili, na mstari hupatikana kwa kuipa L.polyline, amri yake ya kuchora mistari, orodha ya nukta na kuuongeza kwenye ramani.

Mstari wangu wa kwanza, hata hivyo, haukuonekana Dar es Salaam. Niliusaka Ubungo na Magomeni bila mafanikio, hadi nilipoitazama dunia nzima nikaukuta umejilaza magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Kosa lilikuwa langu: nukta nilizinakili kutoka faili la GeoJSON, muundo wa kuhifadhi data za ramani, ambalo hutanguliza longitudo, ilhali L.polyline husubiri latitudo kwanza. Siku hizi faili la aina hiyo ninalikabidhi kwa L.geoJSON, ambayo hugeuza mpangilio yenyewe.

Usipotaja mtindo wowote utapewa bluu yenye unene wa pikseli 3, ambayo kwa macho yangu humezwa na barabara zilizo chini yake. Dawa niliyoipata ni kuchora mstari uleule mara mbili, kwanza mweupe wa pikseli 9, kisha juu yake mwekundu wa pikseli 5, ili ukingo mwembamba mweupe uutenganishe na Barabara ya Morogoro.

Mstari wa vipandevipande ulinisumbua zaidi. Niliweka dashArray, mpangilio wa vipande na nafasi, ya '8 5', yaani kipande cha pikseli 8 na nafasi ya 5, lakini mstari ukatoka mzima kama sikuandika kitu. Kumbe ncha za vipande huviringwa bila kuombwa, na kwa unene wa pikseli 5 kila ncha huongezeka pikseli 2.5, hivyo nafasi yote ikazibika. Nilipoandika lineCap: 'butt', yaani ncha bapa zisizoongezeka, vipande vikaachana mara moja.

Kwenye kona niliweka smoothFactor, kiwango cha kurahisisha mstari, kuwa 0, kwa sababu ramani ikitazamwa kwa mbali nukta hupunguzwa na mizunguko hunyooshwa. Mishale ya kuonyesha uelekeo haimo ndani ya maktaba yenyewe; inahitaji kiongezi cha pembeni, nami kwa njia moja tu sikuona haja ya kukibeba.