Kijiwe cha Kihispania cha Jumamosi hapa Bagamoyo: kwa anayejua kuongea ila hajui kubishana

Mi ni muongoza watalii hapa Bagamoyo, mwaka wa nane huu, na Kihispania ndo lugha inayonilisha. Nilikisoma Dar kwenye chuo kimoja ambacho sitakitaja, nikamaliza ngazi zao zote, nikapewa cheti, nikaambiwa wewe sasa uko B2, ile ngazi ya mtu anayejimudu kuongea, nenda kaongee. Na kuongea naongea kweli, magofu ya Kaole nayaeleza mwanzo mwisho, mwili wa Livingstone ulivyolazwa kanisani pale misheni Februari 1874, Wajerumani walivyoifanya Bagamoyo makao makuu yao kabla ya kuhamia Dar 1891, yote hiyo inatoka yenyewe. Shida ikaja siku mama mmoja wa Zaragoza, Uhispania, mwalimu mstaafu, aliponisimamisha mbele ya Boma, lile jengo la utawala la Wajerumani, akaniuliza, kwa nini mnataka kukarabati nyumba ya mtu aliyewatawala kwa kiboko, si bora iachwe ianguke? Swali zuri kabisa. Na jibu ninalo, tena refu, nimeshalibishania barazani kwa Kiswahili mara ngapi sijui. Kwa Kihispania nikaishia sí, claro, es verdad, es muy importante, yaani ndiyo, ni kweli, ni muhimu sana, mama wa watu akatikisa kichwa kwa upole tukaendelea na safari. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimekubaliana na kitu nisichokiamini kwa sababu tu sikuwa na maneno ya kukikataa.

Ndo mwenzangu mmoja wa kazini akanipeleka kwenye hiki kijiwe. Kinakaa kila Jumamosi kuanzia saa kumi jioni mpaka saa kumi na mbili kasoro, kwenye baraza ya nyumba moja ya zamani Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, hatua chache tu kutoka Mtaa wa India. Anayekiongoza ni mama wa Kikolombia anayeishi hapa, sote tunamwita Profe. Watu sita, hazidishi. Ukitaka kuingia anaongea na wewe kwanza kwenye simu dakika kumi, akiona bado unatafuta maneno ya kila siku anakwambia wazi rudi baada ya miezi kadhaa, na mi naona hapo anafanya haki maana nimeshakaa madarasa yanayochanganya kila mtu mwenye hela na hakuna anayefaidika. Elfu kumi na tano kwa kikao, unalipa vinne kwa pamoja, chai ya tangawizi na kaimati zimo humo humo.

Sasa utaratibu wenyewe, maana hapa ndo penye mali. Jumatano usiku inakuja mada kwenye wasapu na makala moja fupi, mara nyingi ya BBC Mundo, ile BBC ya Kihispania. Hutakiwi kuandika hotuba. Jumamosi ukifika unaokota kikaratasi kwenye bakuli, kimeandikwa a favor, unatetea, au en contra, unapinga, na huwezi kubadilishana na mtu. Unaweza kujikuta unatetea kitu ambacho roho yako haikitaki kabisa, na ndo hapo Kihispania kinapokomaa, kwa sababu zile sentensi zako za siku zote, zile ulizozizoea mpaka ulimi unazijua, hazina kazi tena. Unafungua kwa dakika mbili bila kusoma. Halafu mwenzako, kabla hajakujibu, anatakiwa kwanza aseme upya hoja yako kwa maneno yake, o sea, lo que usted dice es que..., yaani unachosema wewe ni hiki, mpaka wewe mwenyewe ukubali kwamba ndiyo, ndicho nilichosema. Asipokipata anarudia. Hii sheria peke yake imenibadilisha, zamani mtu akiongea mi nilikuwa natunga sentensi yangu kichwani namsubiri anyamaze, nusu ya maneno yake yananipita. Hapa ukifanya hivyo unaumbuka hapo hapo. Nusu saa ikipita mnabadilishana pande, aliyekuwa anapinga anatetea.

Na Profe wakati wote huo hakukati. Ana daftari tu, anaandika. Nimefundishwa na walimu wanaokurekebisha kila neno la tatu mpaka unasahau ulikuwa unataka kusema nini, yeye anakuacha ufike mwisho na makosa yako yote, halafu nusu saa ya mwisho kila mtu anapewa karatasi yake, kushoto ulichosema, kulia kingesemwaje. Karatasi yangu ya kwanza ninayo mpaka leo. Kushoto: no creo que es justo. Kulia: no creo que sea justo, yaani sidhani kama ni haki. Kushoto: si el gobierno tendría dinero. Kulia: si el gobierno tuviera dinero, yaani kama serikali ingekuwa na hela. Na haya mi nilikuwa nayajua jamani! Subjuntivo, ile hali ya kitenzi inayogeuza es kuwa sea, nimeisoma chuoni miezi mitatu, nimejaza nafasi zilizo wazi kwenye mazoezi nikapata zote. Ila kujaza nafasi ni kitu kingine. Profe akanieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia, kwamba mtu anayesimulia anaweza kupita saa nzima bila kuihitaji sana hiyo subjuntivo, lakini mtu anayebishana hana pa kukimbilia, kwa sababu kubishana ni kukanusha, kutilia shaka, kuweka sharti, kutaka kitu kiwe ambacho bado hakijawa, na huko kote ndiko inakokaa. Mi kazi yangu ni kusimulia. Ndo maana miaka yote nilikuwa nadhani nimeiva.

Mfano mmoja ambao siusahau ni neno aunque. Mzee mmoja wa kijiweni kwetu, alisoma Kuba enzi za ujana wake, mpaka leo anameza zile s za mwisho kama Mkuba, alikuwa anapinga hoja kwamba bodaboda zisiingie Mji Mkongwe. Akasema mzunguko utakuwa ghali kwa watu. Mi nikajibu aunque es caro, nikaendelea. Profe akaandika. Mwisho akaniambia, ulipotumia es umemkubalia mzee kwamba kweli ni ghali, ni sawa na kusema ingawa ni ghali. Ungesema aunque sea caro ingekuwa hata kama ni ghali, hujakubali wala hujakataa, umepita tu pembeni ya hoja yake. Nikaona taa imewaka kichwani. Ingawa na hata kama, sisi tunatofautisha kila siku bila kufikiri, nilikuwa natafuta kanuni ndefu kumbe kipimo ninacho mdomoni tangu utotoni.

Ukishapewa karatasi hujamaliza. Unasimama na mtu mwingine, sio yule uliyebishana naye, unatoa hoja ile ile upya kwa dakika mbili, halafu kwa mtu mwingine kwa dakika moja na nusu, halafu dakika moja. Mara ya tatu unajisikia mwenyewe maneno yanavyotoka bila kukwama, na lile kosa la kwenye karatasi ushalivuka mara tatu kabla hujafika nyumbani.

Mada nazo anachagua kwa akili. Mjadala mkali kuliko yote ulikuwa wa corrida, ule mchezo wa ng'ombe wa Uhispania. Bunge la jimbo la Catalonia lilipitisha kuupiga marufuku 2010, marufuku ikaanza 2012, halafu 2016 Mahakama ya Katiba ya Uhispania ikaifuta. Mi niliokota a favor de la prohibición, yaani kutetea marufuku, nikajua nimepata upande mwepesi, mzee wetu akanijia na Pemba. Akasema kule kwetu ng'ombe anachezwa, watu wanaimba, na mchezo ukiisha anarudi zizini mzima, kwa hiyo kinachotakiwa kukatazwa ni kumuua, mchezo uachwe. Sikuwa nimejiandaa kabisa kwa hilo. Ikabidi nitafute pale pale namna ya kusema nakubali nusu ya hoja yako na nusu naikataa, ndo nikapata ahora bien, ile unayomkubalia mtu kwanza halafu unageuza. Sasa hivi naitumia mpaka najishtukia.

Kuna jambo la heshima ambalo liliniwia gumu na pengine litakuwia gumu na wewe. Yule mzee kaanza kuniambia nimwite tú, ile wewe ya watu waliozoeana, kama wenzake wa Havana. Nimeshindwa. Tukifika ni shikamoo mzee, marahaba, halafu dakika tano baadaye natakiwa nimkate katikati ya sentensi? Lakini mazungumzo ya Kihispania yanakwenda hivyo, watu wanaingiliana maneno na hakuna anayechukia, ukisubiri mzee amalize jua litazama. Profe hakunilazimisha, akasema wapo Wakolombia wanaoambiana usted, ile wewe ya heshima, hata nyumbani na mama zao, kwa hiyo bakia na usted yako, ila jifunze perdone que le interrumpa, samahani nikukatishe. Heshima imo na nafasi unaipata. (Na hapo pia subjuntivo imejificha, interrumpa, haikuachi.)

Kwenye matamshi mtu wa pwani ana bahati kubwa asiyoijua. Irabu zetu tano ni zile zile. Ile d ya katikati kwenye nada iko karibu sana na dh yetu ya dhahabu, ile g ya lago ni kama gh ya ghali ikitamkwa taratibu, na ukitaka z ya Madrid ni th ya thelathini. Mzee akaniongezea kwamba hasta yao na hata yetu zote zimetoka kwenye hatta ya Kiarabu, na ojalá yao, ile ya kuomba jambo liwe, ina jina la Mwenyezi Mungu ndani yake, ni ndugu yake inshallah. Toka siku hiyo ojalá que venga haijanipiga chenga.

Mwezi wa nane nilikuwa na familia kutoka Valencia, baba yao akaleta swali lile lile la Boma karibu neno kwa neno. Safari hii nilimwambia naelewa unachosema, kwamba kuikarabati ni kama kumsamehe aliyeijenga, ndivyo? Akasema ndivyo. Nikamwambia ahora bien, ikianguka, mjukuu wangu atajuaje pale watu walihukumiwa, atasoma kwenye kibao? Tulibishana robo saa nzima juani, mke wake akaingia upande wangu. Hatukukubaliana na aliponiaga alinishika mkono muda mrefu.

Mapungufu yapo na lazima niyaseme. Saa kumi yao ni saa kumi na robo, kila wiki. Kuna jamaa mmoja anaongea sana, anakula dakika za wenzie na Profe anamuonea aibu, mi nadhani anatakiwa aweke saa mezani. Masika baraza inavuja, walijaribu kuhamia zum ikawa taabu, bando linakata, na kwenye zum huwezi kumkatisha mtu, kila mmoja anasubiri zamu kama mahakamani, ule moto wa mjadala haupo. Ukikosa kikao hela hairudi. Na masikio yako yanazoea Kikolombia cha Profe ambacho ni cha taratibu na kinasikika vizuri sana, ukikutana na mtu wa Chile au wa Andalucía unaweza kupotea, kwa hiyo redio za huko utafute mwenyewe nyumbani.

Kwa wanaotaka mtihani wa DELE, ule wa kimataifa wa Kihispania, ngazi ya C1, moja juu ya B2, sehemu ya kuongea ina vipande vitatu, unaeleza andishi ulilosoma, unajadiliana na mtahini kuhusu mada yake, halafu kuna jambo la kujadiliana nae mpaka mfikie makubaliano. Vipande viwili kati ya hivyo ndo kazi yetu ya kila Jumamosi. Mi nimepanga kuufanya, na ninajiandaa hapa hapa bila darasa jingine.

Nawapa nyota nne na nusu, ile nusu ni ya saa na lile paa. Nafasi huwa zinabaki moja au mbili mwanzo wa mwezi, ulizia kwa waongoza watalii tunaokaa pale Caravan Serai tutakuelekeza mlango. Ila makala ya Jumatano uisome kabla, Profe swali la kwanza anampa mgeni.