Kurekodi muziki nyumbani kwa Ardour na programu huria: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka asome aya hii aende zake. Kama kazi yako ni kurekodi waimbaji na ala zinazopigwa kwa mikono, programu huria zinatosha kabisa kwa studio ya nyumbani, na kuna mahali zinazipita zile za kulipia. Kama kazi yako ni kupanga midundo kwa kipanya na unataka maelfu ya sauti zilizo tayari siku hiyohiyo ya kusakinisha, utatoka jasho. Mimi ni mpiga gitaa na mwimbaji, wenzangu huja na vyombo vyao, kwa hiyo nimeangukia upande wenye nafuu.

Mfumo ninaotumia ni Ubuntu Studio, aina ya Linux iliyoandaliwa kwa kazi za sauti na video, lile toleo la kudumu muda mrefu, kwenye kompyuta ya mezani isiyo mpya yenye RAM ya GB 16. Ardour ndiyo meza kuu ya kurekodia. Kwa nje nina kadi ya sauti ya USB yenye matundu mawili ya maiki, maiki moja ya Shure SM57, maiki moja ya kondensa inayotaka umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi, na hedifoni zinazofunika masikio yote ili mdundo usivuje ukaingia kwenye maiki.

Kadi hiyo ndiyo ya kuchunguza kabla hujatoa hela. Watengenezaji wengi hawaandiki programu zao kwa ajili ya Linux. Kadi inayofuata kiwango cha kawaida cha sauti za USB haina shida: unachomeka, inaonekana, unaanza kazi. Shida inakuja kwa kadi ambayo mipangilio yake yote imefichwa ndani ya programu ya mtengenezaji. Sauti itapita, lakini hutaweza kugusa nusu ya mambo uliyoyalipia. Ushauri wangu ni kununua yenye vifundo vya kuzungusha kwa mkono, hasa kile cha kumsikilizisha mwimbaji sauti yake moja kwa moja bila kupitia kompyuta. Kifundo hicho kimoja kinaokoa mengi, na sasa naeleza kwa nini.

Kimbembe cha studio hizi ni kuchelewa kwa sauti. Unaimba, sauti inaingia kwenye kadi, inapita kwenye kompyuta, inakurudia masikioni baada ya muda. Ukirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde (yaani sauti inapimwa mara hizo), bafa, kile kipande cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukishughulikia, ikiwa ya sampuli 1024 peke yake inakula kama milisekunde 21, ile ya 128 inakula chini ya 3, kisha unaongeza safari ya USB na ubadilishaji ndani ya kadi, kwenda na kurudi. Kwenye 1024 mwimbaji anaanza kuburuta silabi. Anaisubiri sauti yake iliyochelewa, nayo inazidi kuchelewa, na ubeti ukiisha yuko nyuma ya gitaa kwa umbali wa aibu. Kwenye 128 anaimba tu, hata haulizi. Lakini ukishusha bafa kuliko nguvu za kompyuta, inashindwa kujaza kila kipande kwa wakati, na unasikia mkwaruzo mfupi, tik, katikati ya neno zuri kuliko yote aliyoimba siku hiyo.

Zamani shughuli hii yote ilikuwa ya JACK, programu ya kupitisha sauti kati ya kadi na programu nyingine, kazi ya Paul Davis, ambaye ndiye huyohuyo aliyeanzisha Ardour. JACK ilikuwa imara lakini haikupatana na programu nyingine: ukiiwasha, video za kwenye kivinjari zinanyamaza. Siku hizi PipeWire, mfumo mpya wa sauti wa Linux, imebeba kazi za pande zote mbili. Ardour inaona kama inaongea na JACK, kivinjari kinaendelea na mambo yake, hakuna ugomvi. Kwangu hayo ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote kwa anayeanza leo. Naweka bafa kwa amri hii:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 128

Kisha nafungua pw-top, inayoonyesha hali ya PipeWire, kwenye dirisha dogo na kuangalia safu ya ERR, ile inayohesabu makosa, wakati mtu anapasha sauti. Namba ikitulia, tunarekodi. Ikianza kupanda, napandisha bafa hadi 256 na kumsikilizisha mwimbaji kupitia kile kifundo cha kadi. Kitu kingine cha lazima ni mtumiaji wako awe kwenye kundi la audio, ili programu za sauti ziruhusiwe kutangulia nyingine kwenye foleni ya prosesa. Ubuntu Studio ina chombo chake cha kuweka sawa mambo haya. Kwenye Linux za kawaida itabidi ushughulike mwenyewe. Na ukishamaliza kurekodi, rudisha bafa kwenye 1024. Wakati wa kumiksi hakuna anayeimba, basi iache kompyuta ipumue.

Tuje kwenye Ardour yenyewe. Msimbo wake ni huria, unapatikana bila malipo kwenye hazina za Linux nyingi. Ukitaka toleo lililotengenezwa tayari kutoka kwa waandishi wenyewe, unalipa kadiri unavyoweza. Ukichukua lile la majaribio, hunyamaza baada ya muda. Watu hulalamikia hilo, mimi naliona ni haki. Ninalipia kiasi kidogo kila mwezi, na ni fedha ninayoitoa bila kinyongo.

Inapong'aa ni kwenye kurekodi marudio. Mwimbaji akirudia ubeti, kila jaribio linatunzwa kwenye orodha yake ndani ya mstari uleule wa kurekodia, hakuna kinachofutwa. Nikimaliza nachukua mstari wa kwanza wa ubeti kutoka jaribio hili, wa pili kutoka lile, naunganisha penye pumzi, na hata mwenyewe hatambui alipokatwa. Kukata, kusogeza, kufifisha, vyote havigusi faili la asili kwenye diski. Uwezo wake wa kuelekeza sauti nao ni wa kutisha: chochote kinaweza kuingia popote. Natoa gitaa kwenye Guitarix, ambayo inaigiza amplifaya, naliingiza Ardour kwenye mistari miwili, mmoja wenye rangi ya Guitarix na mmoja mkavu. Kesho yake nikiichukia ile rangi, ule mkavu bado upo.

Plagini, programu ndogo zinazochomekwa ndani ya Ardour, ni nyingi mpaka zinachanganya. Za LSP na x42 zinanitosha kwa kusawazisha masafa na kubana sauti, na Dragonfly Reverb kwa mwangwi, ambayo ningeilipia hata kama ingeuzwa. Kwa sinta, ala ya sauti za kielektroniki, nina Surge XT, iliyokuwa bidhaa ya kuuzwa kabla ya msimbo wake kufunguliwa mwaka 2018. Ngoma natumia Hydrogen kwa kupanga haraka na DrumGizmo nikitaka seti inayosikika kama imepigwa chumbani, kwa kuwa inatoa kila maiki ya ngoma kwenye njia yake. Jiandae tu, seti zake zinakula nafasi ya diski.

Palipo padhaifu nisifiche. Uhariri wa MIDI (maagizo ya noti, si sauti yenyewe) ndani ya Ardour unafanya kazi lakini haufurahishi, na anayeishi kwa kinanda cha MIDI atachoka mapema. LMMS ni rafiki zaidi kwa midundo, ila toleo lake la kawaida la 1.2 halirekodi maiki, kwa hiyo haliwezi kuwa studio peke yake. Kunyoosha kiotomatiki noti za mwimbaji zilizokwenda upande kupo kwenye plagini za x42, lakini chombo cha kushika noti moja kwa kipanya na kuisogeza kwa macho, cha kunikata kiu, sijakipata. Plagini za Windows zinaweza kuletwa kwa yabridge na Wine, programu zinazoziendesha ndani ya Linux. Nyingi zinakubali, zile zenye ulinzi mkali wa leseni huwa zinagoma. Audacity ninayo pia, kwa kukata faili moja na kusafisha mazungumzo, si kwa kujenga wimbo mzima.

Kuhusu chumba nitasema machache kwa sababu hakuna programu itakayokusaidia hapo, ya bure wala ya laki. Trei za mayai ukutani ni mapambo. Blanketi nzito nyuma ya mwimbaji, kabati la nguo lililofunguliwa milango, godoro lililosimamishwa, hivyo ndivyo vinavyomeza mwangwi wa kuta. Feni ya kompyuta iweke mbali kadiri kebo inavyofika. Rekodi kwa biti 24 na vilele vya sauti vicheze kati ya -18 na -12 dB. Hakuna tuzo ya kugusa nyekundu.

Mradi ukiwa katikati, usisasishe mfumo. Mafundi wa studio za kulipia nao husema hivyohivyo, lakini huku vipande vinatoka kwa watu tofauti, na kimoja kikibadilika kinaweza kuvuta kingine. Mimi husasisha wimbo ukishatoka mlangoni.

Na wimbo ukitoka, mradi wa Ardour haufunguki kwenye programu nyingine nyingi, jambo ambalo huwatisha wanaomiksi nje. Suluhisho lipo kwenye menyu ya kutoa mistari mmojammoja: kila chombo faili lake la WAV la biti 24, yote yakianzia sekunde ya sifuri. Ukitoa wimbo mzima, Ardour ikimaliza inakuonyesha na mchoro wa ukubwa wa sauti kwa LUFS, kipimo cha sauti inavyosikika masikioni, ukajua mapema uko wapi ukilinganisha na -14 ambayo Spotify huilenga kwa kawaida. Fundi aliyenimiksia wimbo wa mwisho aliburuta mafaili yale kwenye mfumo wake wa kulipia, akaniuliza tu kasi ya wimbo, akaanza kazi.